Lete Kadi, Usilete Pawa

Msambweni,
Kwale.
Jumapili, 7 Septemba 2025.

Mpendwa dada yangu Husna,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, na hujambo tena? Vipi afya, vipi kazi, vipi joto la huko Maskati? Lile jino lililokuwa likikusumbua umeling'oa au bado unalibembeleza? Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa, maana nakujua, ukianza tu kusoma hapa utaisema kwa sauti na wenzako wakugeukie. Marahaba, mdogo wangu.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo. Magoti humuuma asubuhi, ikifika saa nne huyasahau, na saa tano yuko kwa jirani anamwelekeza namna ya kupika wali, jirani ambaye amepika wali miaka thelathini. Wifi yako Mwanaima ni mzima. Twaiba wetu yuko chuoni Ukunda, huja Ijumaa na nguo chafu akaondoka Jumapili na nguo safi na nazi mbili. Mimi nami ni mzima, ila sikaliki. Tangu Alhamisi nazunguka ndani ya nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimekaa kuandika mistari hii michache na tayari nimesimama mara mbili.

Basi kabla sijasahau, na kabla wewe hujatoka kwenda sokoni: ule ujumbe wa sauti niliokutumia Alhamisi, ule niliopiga kelele, usiufuate. Nasema tena, usiufuate. Ninachotaka ni kadi ya picha, kama tulivyokubaliana mwanzo. Pawa saplai, kile kisanduku cha kugawia umeme, iache hukohuko dukani.

Najua umebakiwa na Ijumaa moja tu ya kwenda soko la Ruwi kabla ya safari yako, na begi lina nafasi ya kitu kimoja cha ukubwa wa kiatu, kwingine kote ni mashuka ya Mama. Ukinunua kisichofaa hakuna wa kukirudisha. Na wewe mwenyewe uliniambia, "Kaka, sauti zako huja kumi na moja kwa mpigo, na jambo lenyewe limo katika ya tisa. Niandikie kama mtu." Haya, naandika kama mtu. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa nikutumie.

Habari yenyewe umeipata vipande vipande, kwa hivyo wacha niipange. Unakumbuka niliendesha trela miaka ishirini na miwili, bandarini hadi Tanga na kurudi. Kila nilipopita hapa kwetu barabara kuu nilipiga honi mbili, na Mwanaima akajua niko njiani kurudi, abandike chai. Kisha sukari ikanila vidole viwili vya mguu wa kushoto, na klachi ya trela haina huruma na mguu wa kushoto. Nikarudisha funguo.

Mwaka wa kwanza nilitengeneza kila kilichoharibika humu ndani. Mwaka wa pili nikatengeneza na ambavyo havijaharibika, ndipo vikaharibika. Twaiba akamwonea mama yake huruma, akanitilia kwenye simu mchezo wa kuendesha malori. Alidhani utanituliza. Nikaanza kuendesha huku nikizungumza, vile nilivyokuwa nikizungumza na utingo wangu Tsofa njia nzima: hapa punguza, hapa kuna mbuzi, hapa niliwahi kulala siku tatu chini ya gari. Twaiba akanionyesha jinsi ya kurusha mubashara. Tsofa, ambaye siku hizi ana duka la vipuri Kinondo, akawaambia madereva wenzetu wa zamani. Husna, leo watu sitini hunisikiliza mzee mmoja akiendesha lori lisilokuwapo. Mmoja yuko Juba. Mwingine hana mguu kabisa, huniandikia, "Kata kona polepole, mimi nimeshika chuma."

Lakini simu ilikuwa ikipata moto, ungeweza kuikaangia yai. Picha inakwama, sauti inatangulia, lori linaruka kama chura. Ndipo nikaamua kukusanya kompyuta, kipande kwa kipande, kwa mfuko wa mtu ambaye hana mshahara.

Ungenicheka ungeniona Mombasa. Kijana mmoja wa duka aliniambia hakuna kompyuta ya michezo bila taa. Akaniwashia kasha la vioo, likawaka nyekundu, kijani, zambarau, likazunguka. Nikamwambia mimi nataka kuendesha lori, sitaki kuoa. Lakini usidhani nilikuwa na akili sana. Nilizunguka lile kasha mara tatu kabla ya kutoka.

Aliyeniokoa ni Mercy, fundi wa kompyuta hapo Ukunda. Ni mtu wa Nakuru, alikuja kufanya kazi hotelini akaishia kutengeneza mitambo ya hoteli. Aliniuliza jambo moja tu: "Mzee, unataka ikae vizuri ama ifanye kazi?" Nikasema ifanye kazi. Akanitafutia kasha la bati lililokuwa la ofisi fulani, halina hata jina. Ubao wa ndani unaobeba vyote na prosesa, ubongo wake, vilivyotumika, prosesa ya aina inayotoa picha yenyewe, ili nianze hivyo hivyo nikisubiri kadi. Ramu mpya mbili, diski mpya, pawa saplai mpya ya wati mia nne na hamsini. Kwenye hiyo ya mwisho alikataa katakata ninunue iliyotumika. "Hapo usifanye bahati nasibu," alisema. "Hapo ndipo moto unaingilia."

Imefanya kazi. Nikiendesha tu, inaendesha. Nikirusha tu, inarusha. Vikiwa viwili pamoja inahema. Hapo ndipo kadi yako inapoingia: yenyewe itabeba picha na urushaji, prosesa ipumue. Hili nilikueleza Julai, katika sauti ya tisa.

Sasa nikwambie kuhusu wifi yako, maana bila yeye hadithi haina magurudumu. Mwanaima hakuupenda mchezo huu tangu siku ya kwanza. Hakugomba. Unamjua, yeye hagombi, hupika tu kimyakimya. Alikuwa akipita mlangoni na ufagio akanisikia nasalimiana na Juba, akaenda zake. Siku moja tu alisema, na aliisemea sufuria, "Zamani alikuwa akienda na anarudi. Sasa yumo ndani na hajafika." Nilijifanya sikusikia. Nilisikia, Husna.

Kompyuta ilipokuja nikaiweka chumba cha pembeni, hakuingia wiki mbili. Wiki ya tatu nikarudi kutoka msikitini nikakuta imevikwa kitambaa. Kile cha kufuma kwa sindano, chenye maua na ukingo mweupe, kimeshuka hadi ubavuni kama buibui. Nikafurahi kimoyomoyo, nikasema nimesamehewa. Kisha nikasahau kama kipo. Wewe umelelewa nyumba hii, unajua. Redio ina chake, runinga ina chake, friji ina chake, hata chupa ya chai ina kofia. Nani kwetu hukiona kitambaa? Ukitaka kuwasha runinga unainua kipembe cha mbele, unaendelea na maisha.

Nami nikawa nainua kipembe cha mbele, nabonyeza swichi, naendelea na maisha.

Baada ya hapo mashine ikaanza kuzimika. Dakika ishirini, ishirini na tano, pu! Giza. Nikiwa kwenye daraja, nikiwa nageuza, nikiwa nasimulia habari tamu. Watu sitini wakibaki wakiniuliza kama nimeanguka mtoni. Nikaipeleka kwa Mercy, ikafanya kazi dukani kwake saa tatu bila kukohoa. Nikairudisha nyumbani, dakika ishirini, pu! Nikaipeleka tena. Saa mbili nzima, nzima kama ng'ombe. Nikaanza kusema umeme wa upande huu wa kwetu una kasoro, kisha nikasema pawa saplai ndiyo mbovu. Alhamisi ilipozimika mara tatu, nilimpigia Mercy nikamwambia maneno ambayo hata Tsofa sikumwambia siku aliyosahau kufunga turubai. Kwamba ameniuzia uchafu. Kwamba amemwona mzee wa pwani akamtia mfukoni. Nikakata simu, nikakutumia wewe ile sauti: acha kadi, niletee pawa saplai kubwa kuliko zote.

Mercy hakukasirika, jambo lililonikasirisha zaidi. Alinipigia Ijumaa asubuhi, "Mzee wa trela, umeamkaje? Kesho niletee kila kitu. Waya, kiendelezi, kila kitu vile huwa kinakaa. Hata meza ukiweza."

Basi jana Mwanaima akanisaidia kufunga mzigo. Akaivika mashine kitambaa chake isije ikapata vumbi njiani, nikaipakata kwenye tuktuk hadi Ukunda kama mtoto wa kupeleka kliniki. Nikaiweka juu ya meza ya Mercy, naye akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Kitambaa," nikasema.

"Naona ni kitambaa. Nyumbani huwa kiko wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, mzee?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale pale kilipo, juu ya kompyuta. Akanitazama. Akasema kiache hapo hapo, akaiwasha na kuitia ule mchezo, akaweka saa ya simu, akaniagizia soda isiyo na sukari. Dakika ya ishirini na mbili, pu! Akaweka mkono juu ya bati, akauondoa haraka. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee! Umeivalisha blanketi na huko Msambweni hata watu hawajifuniki! Matundu yote umeziba, itapumulia wapi? Hiyo ni joto tu, inajizima isiungue. Mashine ina akili kutuliko."

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya wateja wawili. Alisema amesamehe, lakini kuanzia sasa jina langu katika simu yake ni Blanketi. Kisha akasema kitu kimoja cha maana: ikiwa imezimwa na imepoa, kifunike, ni vizuri sana, maana huku kwetu hewa ya chumvi hula vyuma. Ikiwaka, iwe uchi.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Hapo ndipo yalipoanza.

Nikarudi na tuktuk, mashine miguuni, kitambaa nimekipakata. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nilipokitazama. Husna, ni buluu ile ile. Buluu ya trela langu, na ukingo mweupe kama ule mstari wa ubavuni. Maua niliyoyaona mimi si maua, ni magurudumu. Nimeyahesabu, kumi na manane, na la akiba moja kwenye pembe. Amefuma wiki mbili, zile wiki mbili nilizokuwa nikisema haingii chumbani kwa hasira.

Sasa mtu huyo nimwambie nini? Kwamba alichonifumia ndicho kilichokuwa kikinizima? Kwamba nimemtukana fundi, nimekuharibia mpango wako, kwa ajili ya kitambaa chake? Jana nimefika nyumbani akaniuliza, "Baba Twaiba, fundi amesemaje?" Nikasema amesema ipumzike. Akakirudisha kitambaa, akakinyoosha vizuri pembe zote. Leo asubuhi kaniuliza tena kama imepumzika vya kutosha. Nami watu nimewaahidi leo saa kumi na moja jioni nitaendesha, na wa Juba ameomba ruhusa kazini. Nikikiondoa atauliza. Nikikiacha itazimika. Nimefikiria kumtuma dukani ndipo niwashe. Nimefikiria kuendesha dakika kumi na tisa. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nimepita mpaka wa Horohoro na mzigo wa tani ishirini na nane, namwogopa mke wangu kwa ajili ya kitambaa. Cheka, una haki.

Adhana ya alasiri hiyo. Naacha hapa, nikirudi nitakwambia nimeamua nini.

*

Wifi Husna, hujambo? Ni mimi Mwanaima. Nimekuja kuchukua kikombe alichoacha juu ya karatasi hizi nikaona jina langu, na mtu akiona jina lake atafanya nini? Nimesoma yote. Mwambie kaka yako kwamba mimi nilifuma ili chumvi isiile mashine yake, maana redio ya kwanza ililiwa na chumvi, yeye hakumbuki alikuwa Tanga. Hakuna aliyeniambia kwamba inapumua. Ningeambiwa tangu jana, ningekiondoa jana. Na magurudumu ni kumi na manane bila la akiba. Lile la pembeni ni mimi nimekosea. Njoo salama wifi.

*

Nimerudi, Husna. Umeyaona hapo juu. Sikuyafuta, na hata ningetaka, ameandika kwa kalamu.

Nilikuta kitambaa kimekunjwa mara nne juu ya kiti, na mashine iko uchi. Yeye hakuwapo chumbani. Nikaketi, nikawasha. Saa kumi na moja wenzangu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakanisalimu, nikawasalimu. Nikatia gia. Dakika ya kumi, ya kumi na tano. Ilipofika ya ishirini nilikuwa nikiendesha huku nimefumba jicho moja. Ishirini na mbili. Ishirini na saba. Picha inakwama kama kawaida, lori linaruka, lakini haizimi.

Kama dakika ya arobaini nikasikia kigoda kikiburutwa. Mwanaima akaketi nyuma yangu. Hajawahi, dada yangu. Nikanyamaza kabisa, wa Juba akaandika, "Dereva, umelala?" Mwanaima akatazama ile barabara kwa muda. Akauliza hapo ni wapi. Nikamwambia sijui hasa, ni nchi ya watu, ina theluji. Akasema theluji yenyewe inaruka. Nikasema ndiyo, inasubiri kadi ya wifi yako.

Mbele kukatokea mji mdogo, nyumba chache kando ya barabara, taa moja. Akasema, "Na honi? Gari lako halina honi?"

Nikaitafuta kwenye kibodi. Nikapiga mbili.

Aliinuka, akakirudisha kigoda ukutani, akaenda jikoni kubandika chai.

Hivi nakuandikia nimeshaizima, imepoa, na kitambaa nimekivika mwenyewe. Chai imeshanyweka. Kwa hivyo Ijumaa, tafadhali sikiliza vizuri. Kadi ya picha, isizidi sentimita ishirini na mbili kwa urefu, maana kasha ni fupi. Nimelipima kwa utepe wa cherehani ya Mama, naye akapima tena. Kumbukumbu yake iwe giga sita. Iwe na feni mbili. Iwe ya aina isiyodai waya wake wa umeme, inayokula kutoka kwenye ubao tu, ndipo pawa saplai ya Mercy itoshe na ibaki. Isiwe na taa. Ikiwa ni iliyotumika, mwenye duka aiwashe nusu saa mbele yako, nawe uwekee mkono. Kisha tupa boksi, uiache ndani ya mfuko wake wa kijivu, uiviringishe katikati ya mashuka ya Mama na uyabebe kwenye begi la mkononi.

Na ikibaki nafasi ya ngumi moja, Mwanaima anaomba mabonge mawili ya uzi, buluu na nyeupe. Amemuuliza Twaiba kwa simu ni kitu gani katika kompyuta kisichohitaji kupumua. Ameambiwa ni maikrofoni.

Mama anakusalimu na anasema uje na magoti mapya. Twaiba anakusalimu, Tsofa wa Kinondo anakusalimu, na Mercy, ambaye hujamwona, anasema mwambie dada yake Blanketi asinunue taa. Nisalimie wenzako wote wa hapo nyumbani kwenu, hasa yule wa Kibuyuni anayekupikia samaki.

Mwenyezi Mungu akulinde ukiwa angani na ukiwa chini, akufikishe kwetu ukiwa na afya na cheko lako. Utakapopita barabara kuu, mwambie dereva apige honi mbili.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huna meno ya kuuma,

Swabir